Ombi la Kuuweka Wivu Kwenye Orodha ya Dawa Haramu

Zwevelbeke,
Ijumaa kabla ya sikukuu ya kijiji.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupambana na Dawa Michezoni,
Brussels.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: MWENDESHA BAISKELI WANNES DEBUSSCHERE NA KITU ANACHOKITUMIA

Natanguliza heshima zangu, pamoja na pole kwa kazi ya kuchungulia chupa za mkojo wa watu wazima, kazi ambayo mtu huifanya kwa moyo au haifanyi kabisa. Naitwa Firmin Vanackere, mkazi wa Zwevelbeke, mfugaji wa njiwa wa mashindano tangu nikiwa na nywele, na mwenyekiti wa klabu ya washabiki wa mpwa wangu Joris, ambayo hukutana katika baa ya Jeannine mkabala na kanisa. Si mtu wa kulalamika. Sijawahi kuandikia ofisi yoyote, ukiacha watu wa reli, watu wa hali ya hewa na askofu.

Naandika kwa haraka kwa sababu Jumapili hii ni mashindano ya kijiji chetu, na Wannes asipozuiwa atashinda. Akishinda, timu moja ya Waitaliano imeahidi kumchukua. Atahamia huko kwao milimani, na hatahamia peke yake. Binti yangu Lieselot, ambaye ndiye mtu pekee niliyebaki naye nyumbani, amekwisha kununua kamusi. Silitaji hili kama sababu ya malalamiko yangu. Nalitaja ili mjue kwamba muda ni mfupi.

Wannes mnamfahamu. Huu ni mwaka wake wa tano akilipwa kwa kuendesha baiskeli, na kwa miaka minne ya kwanza kazi yake ilikuwa kuwabebea wenzake chupa za maji na kufika mwisho wakati wafagiaji wameshaanza kazi. Mwaka juzi alifika akakuta bango limeshushwa, ikabidi aulize watu mashindano yameishia wapi. Sasa tangu Pasaka ameshinda mara tatu. Wala si ule ushindi wa bahati, kwamba wenzake wameanguka kwenye kona. Anashinda kwa kuwaacha watu wakitazamana.

Desturi yetu mnaijua. Hapa kwetu Flandria mtu akishinda mara moja anapewa maua, akishinda mara mbili ananunuliwa bia, akishinda mara tatu watu wanauliza daktari wake ni nani. Asiyeshinda ndiye msafi, na tangu Pasaka mpwa wangu Joris, aliyekuwa bingwa wetu, amekuwa msafi kupindukia. Lisemwalo lipo, wakasema. Mkaja na chupa zenu, mkampima Wannes, mkampima tena, mkajibu kwamba hana kitu. Pale baani hakuna aliyewaamini. Wengine walisema ni dawa mpya isiyoonekana. Wengine walisema ameficha mota ndani ya baiskeli, ikabidi fundi aifungue mbele ya kadamnasi, wakakuta maji ya mvua na konokono mmoja. Jeannine mwenyewe alishika kiuno akasema, "Jamani, huyu anakunywa nini? Kwangu anakunywa kahawa tu, na biskuti yake anampa mbwa!"

Mimi nililipa bia yangu nikaenda zangu nyumbani. Dawa nilikuwa nimeshaijua, na nilikuwa naishi nayo nyumba moja.

MALALAMIKO YA KWANZA: Mbinu yenyewe.

Sisi wafugaji wa njiwa tuna njia tunayoiita ujane, ingawa hakuna aliyekufa. Dume unamtenga na jike lake wiki nzima. Amsikie ng'ambo ya ubao, asimwone. Siku ya kumpeleka mashindanoni unafungua kijimlango, unawaacha watazamane kwa muda wa kumenya yai moja, kisha unamkamata dume na kumtia tengani. Lori linampeleka Ufaransa. Akifunguliwa huko hasimami kunywa, hasimami kupumzika, wala hatazami mandhari. Anarudi nyumbani mbio. Kwa njiwa jambo hili ni halali kabisa, na mimi nimeshinda kwa njia hiyo vikombe ambavyo mke wangu Godelieve, Mungu amrehemu, alivipandia vitunguu majani.

Sasa, Lieselot amekulia bandani kwangu. Alijua kushika njiwa kabla ya kujua kushika kijiko. Na kwa macho yangu haya, tangu Pasaka namwona akikataa kuonana na Wannes kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Simu hapokei. Kijana akija hadi langoni, binti anaimba jikoni, dirisha wazi, sauti juu, lakini hatoki. Jumapili asubuhi anakwenda penye gari la timu, anamshika mkono kwa muda wa kumenya yai, anaondoka bila kugeuka, na kwenda kusimama kwenye mstari wa mwisho. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hilo nalijua. Lakini hiki si kikohozi, Mheshimiwa. Hili ni banda langu, limehamishiwa barabarani bila idhini yangu.

MALALAMIKO YA PILI: Kuongezwa kwa dozi.

Mfugaji mwenye roho ngumu ana ujanja wa ziada. Kabla ya kumtia dume tengani anamwonyesha dume mwingine, amekaa karibu na jike lake, ananyoosha shingo. Mimi niliuacha ujanja huo kwa sababu za utu. Binti yangu hana sababu hizo. Kwenye mashindano ya mwezi wa tano alitokea na daktari wa meno wa mjini Kortrijk, mwanamume mrefu mwenye sharubu zilizochanwa, wakasimama mstari wa mbele wakila chipsi kwenye karatasi moja, mayonezi juu. Kila mzunguko Wannes akipita, anaona. Kwanza binti alicheka. Mzunguko mwingine akacheka huku ameshika mkono wa koti la daktari. Mwingine tena, daktari akamfuta mayonezi shavuni.

Mpwa wangu Joris alikuwa ameshatangulia peke yake. Alinisimulia baadaye, bado anatapika kando ya barabara: "Mjomba, mimi nimeshafunga zipu ya fulana nikapigwe picha ya ushindi. Nasikia kitu nyuma kinanguruma. We! Jamaa hakunitazama hata kidogo, kapita kama anafukuza mwizi!" Mtangazaji wa redio alimuuliza Wannes siri ya nguvu zake. "Nilikuwa nawahi," akajibu, na macho yake yalikuwa kwenye zile sharubu. Binti yangu nilipomhoji jioni, aliniambia bila aibu, "Baba, Daktari Pieter ana mke na watoto. Alikuja kula chipsi tu. Kwani kuna sheria?"

Ndilo swali langu kwenu. Mbona hakuna sheria?

MALALAMIKO YA TATU: Uonevu dhidi ya waliooa.

Joris ameoa. Nele ni mke mwema, wana watoto watatu, wanaonana asubuhi, mchana na jioni. Mwanamume wa namna hiyo dawa hii ataipata wapi? Kwa ajili ya haki nilijaribu kusawazisha mambo mwenyewe, kabla ya kuwasumbua ninyi. Nilimwomba Nele aende kwa mama yake wiki moja, nikitegemea Joris ataungua kwa hamu. Joris alilala. Alilala kama gogo, akaamka akala soseji, akaangalia televisheni miguu juu ya meza, na Jumapili akafika wa mwisho akiwa na uso wa amani ambao sijauona kwake tangu harusi.

Wiki iliyofuata nikapandisha dozi. Nilimpanga Marnix mwenye bucha asimame karibu na Nele kwenye kona na kumnong'oneza sikioni. Joris alipowaona alifunga breki. Nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo! Akashuka, akamwendea Marnix uso kwa uso, akamwambia, "Afadhali nimekuona, bwana. Zile mbavu za Jumatano usinisahau." Akapanda baiskeli yake, akaendelea. Nele hajanisemesha tangu siku hiyo, na Marnix anadai nimemharibia jina. Mnaona wenyewe. Mmoja ana dawa bure kila Jumapili, mwingine hata ukimtilia mdomoni haimshiki. Je, huu ndio usawa?

MALALAMIKO YA NNE: Vipimo vyenu.

Nasema kwa heshima, vipimo vyenu vimepitwa na wakati. Mnatafuta kitu kwenye mkojo ilhali chenyewe kimesimama kwenye uzio, kimevaa koti jekundu, kinakula chipsi. Mnaweka kumbukumbu za damu za kila mwendesha baiskeli, vizuri, wekeni na kumbukumbu za wachumba. Kila mmoja atangaze anampenda nani, tangu lini, na kama anapendwa pia. Asiyependwa apewe ruhusa maalumu ya daktari, kama wanavyopewa wenye pumu, ambao katika mchezo huu, naona, ni wengi ajabu kwa watu wanaopanda milima. Wachumba wote wakae mbali na mstari wa mwisho, umbali usiopungua kijiji kimoja na nusu. Na kama hilo ni gumu, basi pigeni kura kila asubuhi ya mashindano, mgawe wivu sawasawa kwa timu zote, kila mtu kijiko kimoja.

MALALAMIKO YA TANO, ambayo si ya Wannes peke yake:

Nimelitafakari jambo hili nikisafisha banda, na nimegundua kwamba uchafu umeenea kuliko tulivyodhani. Yupo yule anayevuka mstari akinyoosha kidole mbinguni kwa ajili ya baba yake aliyefariki. Marehemu huyo amepimwa na nani? Yupo mcheza mpira aliyefunga mabao wiki aliyopata mtoto, akakimbia uwanja mzima akinyonya kidole gumba, na mwamuzi akakubali mabao! Yupo mrusha mkuki ambaye mama yake hukaa jukwaani na chupa ya supu. Supu mtaipima, najua. Mama je? Na hapa kwetu kuna watu wanaoshindana katika kijiji walichozaliwa, wanapita mbele ya shule waliyosoma, mwalimu wao wa zamani anawaita kwa jina la utani, wanapata mbio za ghafla. Hiyo ni dawa hadharani, mchana kweupe.

Napendekeza kwa hiyo mashindano yafanyike mahali ambapo hakuna anayemjua mtu. Watazamaji wageuzwe migongo. Washindani wawe watu wasio na mtu, wakitoka mahali pasipo na mtu kwenda mahali pasipo na mtu. Hayo yatakuwa mashindano safi kabisa, na mimi nitakuwa wa kwanza kutokwenda kuyaangalia.

Hadi hapo taratibu hizo zitakapokamilika, naomba Wannes afungiwe kuanzia kesho. Si maisha. Tuseme mpaka Waitaliano wachoke kusubiri. Najua mtauliza mimi nafaidi nini. Sifaidi kitu. Nyumba yangu ina vyumba vitano na mtu mmoja anayeimba jikoni, na ningependa hesabu hiyo ibaki ilivyo. Ni hivyo tu.

Wasalimieni wote hapo ofisini, wakuu kwa wadogo, na hasa yule mama wa mapokezi aliyenivumilia kwenye simu nilipomwimbia mfano wa sauti ya njiwa. Jeannine anawasalimu. Joris anawasalimu pia, akiwa nafasi ya pili. Marnix hasalimu mtu kwa sasa.

Ni mimi, mpenda haki na mwili usio na kasoro michezoni,

Firmin Vanackere
Mwenyekiti, Klabu ya Washabiki wa Joris

NYONGEZA, Jumapili, muziki bado unapigwa uwanjani:

Nakala ya kwanza ya barua hii iliondoka Ijumaa. Natuma nyingine pamoja na maneno haya ili kuwaomba ile ya kwanza msiifungue, na kama mmeifungua msiiamini.

Jumamosi Lieselot aliikuta nakala yangu mezani. Alisoma akicheka hadi machozi, mpaka alipofika kwenye koti jekundu. Hapo akaacha kucheka. "Kwa hiyo mimi ndiyo dawa, Baba?" akaniuliza. "Haya. Kesho sitoki. Aende kwa miguu yake mwenyewe, watu wafunge midomo. Akishindwa nabaki na wewe, na usije ukaniuliza kitu." Nilikuwa nimepata nilichokiomba, tena kabla ofisi yenu haijafungua. Leo nilipoondoka nilimwacha jikoni akimenya viazi. Alikuwa ameshamenya vya kulisha kikosi cha jeshi, na haimbi.

Nilisimama kwenye kona ya barabara ya mawe. Wannes alipita katikati ya kundi, shingo inazunguka huku na huku akitafuta kwenye uzio. Mzunguko uliofuata alikuwa nyuma. Uliofuata tena alikuwa nyuma ya walio nyuma, karibu na gari linalookota walioshindwa. Mbele alikuwa Joris, peke yake, klabu nzima inaimba jina lake, Jeannine amepanda juu ya meza na sinia mkononi. Mimi ndiye mwenyekiti, nilipaswa kuongoza wimbo. Badala yake nilijikuta nimening'inia kwenye uzio, kofia mkononi, napiga kelele kama nimeibiwa: "Wannes! We Wannes! Lieselot yuko kwangu jikoni na yule daktari wa meno! Anammenyea viazi!"

Mheshimiwa, nimefuga njiwa maisha yangu yote, sijapata kuona kitu kama kile. Alisimama juu ya baiskeli, akatoa mlio, akaanza kuwapita watu mmoja mmoja, kisha wanne wanne. Kwenye kilima cha kanisa alimkuta Joris na kumwacha kama amefungwa kwenye nguzo. "Mjomba, umeniua," Joris aliniambia baadaye, na ni kweli.

Tatizo ni kwamba Wannes hakusimama. Alivuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, akaendelea. Aliyapita maua. Alimpita meya aliyekuwa amemnyooshea mkono. Alilipita gari lenu la vipimo. Yule mama mnene mwenye fulana ya kijani, mliyempa kazi ya kumfuata mshindi asipotee machoni, alimkimbiza kwa miguu mpaka duka la mikate, akaomba baiskeli ya mtu, akaendelea. Naomba apandishwe cheo. Nilipofika nyumbani nikihema nilimkuta Wannes jikoni, tope mpaka kwenye nyusi, ngumi zimekunjwa, anauliza, "Yuko wapi?" Lieselot, na kisu cha viazi mkononi, anamuuliza, "Nani?" Halafu wote wawili wakageuka wakanitazama mimi. Nilieleza. Walicheka, wakalia, wakakumbatiana, tope likaenea jikoni mpaka kwenye pazia la marehemu Godelieve.

Kanuni zenu nazijua: mshindi asiyekwenda kupimwa anahesabiwa kuwa ametumia. Mkichanganya na barua yangu ya Ijumaa, mnayo kila sababu ya kumfungia. Nawaomba kwa unyenyekevu msimfungie. Hakukimbia kipimo, alikuwa anawahi, na mama wa fulana ya kijani ni shahidi kwamba alimkuta hapa akiwa hajaenda hata msalani. Wala hawezi kwenda. Amekauka. Amekunywa maji, amekunywa bia, amekunywa supu, lakini hakitoki kitu, na sote tumekaa mezani tukimsubiri, tunakula chipsi, maana viazi vipo. Mwitaliano aliyetumwa na ile timu naye amefuata harufu ya chipsi, tumempa kiti. Wannes na Lieselot wataondoka mwezi wa kumi. Nimelia kidogo bandani, kisha nikarudi kukaanga.

Sasa hivi yule mama wenu wa fulana ya kijani amemuuliza, kama mnavyomtaka aulize, "Wiki hii umetumia kitu chochote?" Wannes akamtazama Lieselot. Lieselot akanitazama. Nikasema, "Hajatumia kitu, mama." Akanigeukia kwa ukali: "Sijakuuliza wewe, mzee. Wewe ni nani wake?" Nikamjibu kwamba mimi ni baba mkwe wake. Pale jikoni hakuna aliyekuwa ameshaambiwa habari hiyo, hata mimi mwenyewe.